Nashoni, Hukuyaamini Maji Yale

Mwaka umezunguka, Nashoni, tangu maji ya korongo la Kalenge yalipokuchukua. Mvua zimenyesha tena, mahindi yamesimama tena nyuma ya nyumba, nawe hupo.

Ulikuwa mtu wa kushuku. Chai uliinusa kabla ya kuinywa. Mayai uliyatia majini kwanza. Mlango tuliokwisha kuufunga sisi, ulirudi kuutikisa. Watoto walikucheka, ukacheka nao, kisha ukautikisa tena.

Kazini ulikuwa hivyo hivyo. Uliwaongoza wageni kupita kwa miguu ndani ya korongo lile jembamba, ambamo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na mto ukijaa hana pa kukimbilia. Kuyaona maji ya mdomoni mwa korongo hakukukutosha. Uliangalia kama yanaleta majani na povu, kama rangi imegeuka, kisha ukapanda kilimani penye mtandao kumpigia bibi Yunisi, anayekaa kule juu kwenye kivuko.

"Bibi, mawe ya kivukoni yanaonekana?"

Akisema yamefunikwa, hakuingia mtu, hata kama huku chini jua linawaka na maji hayafiki magotini. "Haya mnayoyaona ni ya jana," uliwaambia wageni walionuna. "Ya leo yako njiani."

Ndiyo maana mkeo Tupokigwe hakuiamini habari aliyoletewa. Wageni, ambao walinusurika wote, walisema mwongozaji ndiye aliyewaruhusu kuingia, wakaondoka zao. Joachim, mwenzako wa kazi, akasema msibani kwamba uliyapima maji vibaya. Watu wakaguna kwa huruma. Tupokigwe akajiuliza. Mwongozaji yupi? Mlikuwa wawili.

Akaanza kumchunguza Joachim. Joachim alikuja kumlimia shamba bila kuombwa, akaleta mkaa, akaziba paa la jiko. Majirani wakamsifu. Mkeo alisema "ndaga", asante ya kwetu, lakini kila fadhila ilimzidishia shaka. Alipomuuliza habari za siku ile, jibu halikufanana na la jana yake. Mara ulipima kwa fimbo, mara uliangalia kwa macho tu. Na usoni hakumtazama.

Kiangazi kilipoingia, Tupokigwe akapanda hadi kivukoni.

"Mama Asukile, alinipigia asubuhi ile," bibi Yunisi alimwambia. "Nikamjibu mvua imepiga sana huku, mawe siyaoni. Akasema, 'Basi bibi, leo haingii mtu.'"

"Mbona hukusema?"

"Nani alikuja kuniuliza, mwanangu?"

Tupokigwe alishuka moja kwa moja hadi kwa Joachim. Akapewa kigoda, hakukaa.

"Shemeji, Nashoni alijua maji yanakuja. Nani aliwaingiza wale watu?"

"Mimi," Joachim akasema. "Yeye alikuwa kilimani anapiga simu. Wageni walikuwa na haraka, maji niliyaona madogo, masafi, nikawaambia tangulieni. Aliposhuka akauliza, 'Wako wapi?' Nikamwonyesha. Hakunigombeza, shemeji. Alikimbia kuwafuata."

Uliwakuta katikati. Wageni wenyewe walimsimulia Joachim kabla ya kuondoka: uliwasukuma mmoja mmoja juu ya mwamba, na maji yalipofika na magogo yake, wao wote walikuwa juu, wewe ulikuwa bado chini.

"Ukaona umtwike marehemu," Tupokigwe akasema.

"Niliogopa."

"Uliyasema ya uongo mbele ya watu. Ya kweli utayasema mbele ya watu hao hao."

Jumapili Joachim alisimama kanisani, akayasema yote. Mama yako Esnath, ambaye tangu msiba alikuwa akijibanza benchi la nyuma kama mtu mwenye deni la aibu, alinyanyuka kabla Joachim hajamaliza, akatembea taratibu, akaenda kukaa mbele.

Joachim bado anapita kwetu. Tupokigwe humwitikia salamu. Kumwambia karibu ndani, bado. Asukile anamuuliza mama yake lini, naye anajibu, "Niache kwanza."

Tunakukosa, Nashoni. Tunakosa mluzi wako ukipanda njia ya nyumbani, na ugali uliopenda uunguzwe kidogo chini ili ukwangue ukoko. Tunakushukuru kwa ulivyotupenda: kwa kutuhofia tusidhurike.

Unakumbukwa na mkeo Tupokigwe, mama yako Esnath, wanao Asukile na Benedicta, kaka yako Saulo na bibi Yunisi wa kivukoni. Unakumbukwa pia na wote uliowakatalia kuingia, wakakununia, wakarudi makwao wazima.

Maadamu tunapumua, hatutakusahau.