Farasi Hajafika, Mahari Imelipwa

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Asubuhi kama kawaida. Maji ya moto, kitambaa, miguu ya Kabula. Kunyoosha, kukunja, kunyoosha. Leo imekaza kama mkasi wenye kutu. Kumvalisha tu tumehangaika wote wawili mpaka akalia. Ana miaka minane. Mtindio wa ubongo, wanasema hospitali. Akili anayo, ananizidi mimi. Mwili ndio haumsikii.

Nikambeba mgongoni hadi barazani kwa Mzee Kanti. Cherehani yangu iko pale, mbele ya duka lake la vitambaa. Nimeshinda na mashati ya shule. Mchana akapita Bwana Marwa, yule wa mazoezi ya viungo wa hospitali, na habari zake za farasi. Eti mtoto kama Kabula akipandishwa farasi, mnyama akitembea taratibu, nyonga zinalegea zenyewe. Eti aliona kwa macho yake Arusha. Kuna mkulima mzungu huko anahama nchi, ana farasi jike, mzee, mpole, anamtoa bure. Kazi yetu ni kumfikisha Mwanza kabla mwezi haujaisha, na kupata pa kumfuga. Ndiyo hiyo harambee wanayoipigia kelele mji mzima.

Mimi nimo kwenye kamati ya wazazi. Sikuomba. Wamenichagua kwa sababu nina mdomo.

Farasi, Mwanza! Hata punda ukimtaka mpaka uende Magu.

Alhamisi, 7 Agosti
Simwamini huyu mtu. Nimeliandika, basi.

Mwaka juzi walikuja wale wa viti vya magurudumu. Wakamkalisha Kabula juani, cheka mtoto, cheka, wakapiga picha. Kiti hatukukiona. Picha sijui iko kwenye ukuta gani huko Ulaya.

Siku hizi kila mtu ana chama. Kiwanda kikipunguza watu leo, kesho waliopunguzwa wana muhuri na yatima wao. Na huyu je? Mwenyekiti Marwa. Mweka hazina Marwa. Msemaji Marwa. Anasema hakuna mwingine aliyekubali kazi. Kweli hakuna. Hata mimi nilikataa. Bado haijaniingia.

Jumapili, 10 Agosti
Harambee baada ya misa. Watu wametoa kuliko nilivyodhani. Kuku, madebe ya mahindi, kitenge kimoja kizuri kikapigwa mnada mpaka huruma. Mzee Kanti katangaza lori lake litakwenda Arusha wiki ijayo kuchukua magodoro, litarudi na farasi, bure. Makofi.

Mke wake akaniita Mama Falasi mbele ya wote. Ndivyo ninavyotamka. Nimecheka nao, nifanyeje. Kuandika naandika sawa, sista alinichapa hadi r ikakaa kwenye kalamu. Kwenye ulimi wangu wa Kisukuma ikagoma. Marwa ni Mkurya, yeye ni kinyume, l kwake haijulikani. Kashika kipaza sauti: "Hera yenu haitariwa na mtu."

Nani alimuuliza kama italiwa? Mbona kaanza yeye?

Na viatu vyake ni vipya.

Jumanne, 12 Agosti
Mama Kulwa kaja kupunguziwa gauni. Mwanawe Doto ana shida kama ya Kabula, tumezoeana kwenye benchi la hospitali. Kaniletea habari kamili: mtoto mkubwa wa Marwa anaoa mwezi ujao. Ukweni wanataka ng'ombe, na Wakurya kwenye ng'ombe hawana mchezo.

Nikamuuliza mtumishi wa hospitali anapata wapi ng'ombe wa mahari. Akainua mabega. Mimi nikaendelea kushona, ila nimeharibu mshono mara mbili.

Jumatano, 13 Agosti
Niandike ilivyokuwa.

Siku ya kliniki ya Kabula. Tulikaa kwenye benchi chini ya dirisha la Marwa. Alikuwa kwenye simu. Nimesikia kwa masikio yangu, hakuna aliyenisimulia: "Hera ya farasi nimeripia mahari. Wazee wameridhika. Wazazi usiwaambie kwanza."

Mahari. Kaipeleka hela ya watoto vilema ukweni!

Kisha akatoka anatabasamu, akampokea Kabula, akamlaza kwenye mkeka, akamnyoosha miguu. Kabula alikuwa anacheka naye. Mikono ileile. Hilo limeniuma kuliko wizi wenyewe. Nikamfunga mgongoni, nikasema asante, mimi niliyechaguliwa kwa ajili ya mdomo.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemwambia Mama Kulwa. Akaapa hatasema. Kufika jioni kina mama wote wa kliniki wanajua, mmoja kanifuata hadi nyumbani kunisimulia habari yangu mwenyewe, na kaongeza ng'ombe.

Nimemwamkia Mzee Kanti shikamoo, nikamwambia bila kuzunguka: hela ya farasi imemwolea mtoto wa Marwa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema lori halitakwenda Arusha. Litapakia pamba Magu, kuna wanunuzi binafsi wanalililia kila siku.

Nilitegemea nitajisikia vizuri.

Jumapili, 17 Agosti
Mkutano kwenye darasa la parokia. Tumejaa. Marwa kaja na uso wa sikukuu. Anasalimia kila mtu, anashika watoto mashavu. Hakuna aliyemjibu sawasawa, na yeye wala hakuona. Nikasema moyoni, mtu huyu ana roho ngumu.

Nikasimama. Nilimuuliza mbele ya wote, jicho kwa jicho, kama ni kweli ile hela kalipia mahari.

Akafurahi! Jamani, akafurahi.

"Ni kweri kabisa, Mama Kabura," akasema. "Mahari nimesharipia. Nani amekwambia? Nirikuwa nataka niwashangaze."

Mama Kulwa akapiga yowe. Mwingine akambeba mwanawe akatoka. Viti vikaburuzwa, watu wakasimama, Marwa bado anaongea, anaonyesha kwa mikono kitu kirefu hivi, kipana hivi. Hakuna aliyesikia. Nilimwangalia alivyobaki peke yake na ubao nyuma yake, mdomo wazi. Nikasema moyoni, vizuri. Akome.

Jumatatu, 18 Agosti
Lori la Mzee Kanti limeondoka alfajiri kwenda Magu. Nimelisikia likipita.

Kabula kaniuliza farasi anakuja lini. Nikamjibu kwa hasira farasi ameolewa. Hakucheka. Aligeuza shingo ukutani, na yeye kugeuza shingo ni kazi.

Ijumaa, 22 Agosti
Marwa yuko kazini kama kawaida. Hakimbii, hajifichi. Ndiyo maana namshuku zaidi. Mwizi wa kawaida angeugua.

Mhudumu wa kliniki anasema Jumamosi iliyopita alipanda basi la alfajiri kuelekea kivukoni Kigongo, akarudi jioni amechafuka, na wiki hii anakwenda tena. Basi, ukweni kuko ng'ambo, Busisi au Sengerema. Kesho nitamfuata. Nataka nione hao ng'ombe kwa macho. Nikishaona naenda polisi.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimemwacha Kabula kwa Mama Kulwa. Nikapanda basi la pili, nimejifunika khanga hadi puani kama mgonjwa wa surua.

Kigongo kulikuwa na foleni ya malori. Magugu maji yameziba gati, kivuko kinasubiri yasukumwe. Nikamtafuta Marwa kwenye foleni. Hayupo. Mwuza mihogo akanionyesha: yule Mkurya? Kaenda kule, ufukweni, kama wiki iliyopita.

Nikaenda. Njia ya ng'ombe, mawe, kisha uwanda wenye majani mafupi na upepo wa ziwa. Marwa alikuwa kifua wazi, anachimba shimo la nguzo. Nguzo nyingine zilikuwa zimeshasimama, mstari mrefu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye jiwe, anachonga mti kwa panga.

Nikamwamkia mzee shikamoo. Nikamuuliza harusi ni lini, na bibi harusi ni binti wa nani.

Akaacha kuchonga. Akauliza kama siku hizi farasi nao wanaolewa.

Nikasema nimeambiwa huyu bwana amewalipa wazee mahari. Mzee akasema ndiyo, amewalipa, yeye mwenyewe ni mmojawapo. Akapiga ardhi kwa panga: "Si ndipo hapa."

Hapa. Pa kumfuga farasi. Mahali.

Nilikaa chini. Kwa ulimi wa Marwa mahali ni mahari. Na mimi pale darasani nilimuuliza mahari, kwa ulimi wangu ikatoka mahali. Nikamuuliza kama kalipia mahali, akajibu kalipia mahari. Kila mmoja kasikia lake, na tukakubaliana mbele ya watu wote.

Marwa akaniona. Akaja anajifuta mikono kwenye suruali. Akaanza kunieleza, kwa heshima tu, kama vile nimekuja kukagua. Hapa upepo unafukuza nzi, hapa majani hayaishi kiangazi. Alificha kwa sababu watu wa viwanda vya minofu ya samaki wananusa kila kiwanja cha ufukweni, wangesikia wangewapa wazee mara mbili. Nikamuuliza kuhusu ng'ombe wa mwanawe. Akashangaa. Wametoka kwa binti yake aliyeolewa Tarime, akasema. Kwao ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka. Kila mtu anajua.

Mimi sikujua.

Nikamwambia yote. Simu, dirisha, Mzee Kanti, lori, pamba. Nilisema haraka nisije nikanyamaza katikati. Yeye alikuwa anaangalia shimo alilochimba.

"Kwa hiyo siku ire uriniuriza kama nimemwibia mwanao," akasema. "Na mimi nikajibu ndiyo, nimefurahi."

Nikasema nisamehe. Akachukua sururu akarudi kwenye shimo. Mzee wa panga alinielekeza njia ya kutokea barabarani ingawa naijua.

Jumatatu, 25 Agosti
Aibu tupu.

Mzee Kanti nilimwambia kabla hajafungua duka. Hakupandisha sauti. Alisema lori limekwama Magu na pamba, halirudi wiki hii, na jingine gia imevunjika. Kisha akaniambia nihamishie cherehani upande wa pili wa baraza, nisikae mbele ya mlango. Nimehamisha.

Mchana Marwa kapanga foleni posta apige simu Arusha. Nilisimama nyuma yake mbali kidogo. Aliongea dakika chache, akaweka simu. Farasi hayupo. Mzungu hakuona mtu kutoka Mwanza, akawapa watu wa Nairobi Ijumaa. Marwa alinipita mlangoni bila kuniangalia. Alisema tu, "Amekwenda."

Jioni nimezungukia kina mama nyumba kwa nyumba. Ule uongo uliwafikia wote bila mimi kutoka nyumbani. Huu ukweli nimeubeba kwa miguu, na wawili hawakunifungulia. Mama Kulwa alifungua. Alisema, "Na mimi nilipiga yowe." Tukakaa.

Kabula nimemwambia mwisho. Ni kosa la mama. Alitikisa kichwa, polepole. Sijui alikuwa anakubali au anakataa.

Jumanne, 2 Septemba
Wananisalimia kwa mkato. Haki yao.

Mama Kulwa kasema kaka yake wa Magu ana punda mpole, wa kubebea maji. Kampelekea Marwa wazo hilo yeye mwenyewe. Sikuthubutu. Marwa kasema mgongo ni mgongo, alimradi anatembea taratibu, watajaribu. Sasa mimi nina wasiwasi mpya. Punda anauma. Punda anapiga teke. Nani kamchunguza huyo punda? Nimejisikia nikiuliza, nikafunga mdomo.

Nimeshona mto wa mgongoni, turubai nje, pamba ndani. Nimempa Mama Kulwa aupeleke. Nimemwomba asiseme ni wangu.

Jumapili, 7 Septemba
Kigongo. Wazazi wachache wamekuja, na watoto wao. Uzio umekamilika.

Punda nilimkagua mwenyewe. Meno, kwato, masikio. Nilitaka kumkuta na kasoro. Ametulia tu, anatafuna.

Watoto wengine walipandishwa kwanza. Doto alilia akashushwa. Kisha Kabula. Mpandaji anahitaji watu wawili, mmoja kila upande, watembee naye wakimshikilia paja. Marwa alisimama kushoto. Nikavua viatu, nikasogea. Akamwita Mama Kulwa ashike kulia. Mimi hakuniita. Nikarudi nje ya uzio na kitenge changu cha kumbebea.

Mwanzo miguu ilikataa kabisa. Ilikaza, ikapandana, Marwa hakuilazimisha. Alimlaza kifudifudi juu ya punda, wakatembea hivyo, taratibu, hadi kwenye nguzo za mwisho na kurudi. Wakamgeuza. Mguu mmoja ukashuka huku. Wa pili ukashuka kule. Hakuna aliyeuvuta. Mimi naujua ule mguu.

Wakaja upande wangu. Kabula amekaa wima, shingo imesimama, mikono kwenye manyoya. Walipofika usawa wangu alisema, kwa maneno yake yale ya kuvuta, "Mama, usinishike."

Sikuwa nimemshika. Nilikuwa nje, na uzio katikati.

"Sikushiki," nikamwambia.

Marwa akamgeuza punda, wakaenda tena kuelekea ziwani. Nikakunja kitenge, nikakikalia.