Celica Yako na Pikapu ya Bwana Misitu

S.L.P. 41,
Mbinga.
14 Juni 2001

Mpendwa Kaka Urbani,

Shikamoo. Mnaendeleaje na joto la Dar es Salaam? Wifi Dorothy na watoto hawajambo? Huku baridi imeshika, tunakoka moto hata mchana, lakini tunapumua. Kahawa ya shamba la juu imeanza kuiva, ya chini bado.

Mama ndiye hajawa sawa. Tangu alipoteleza akitoka kuchota maji, nyonga haijarudi. Sista wa hospitali ya Litembo anataka kumwona kila mwezi, na mwezi huu hatukwenda. Celica yako uliyoiacha hapa tuliijaribu, ila kwa vile uliishusha chini, tumbo la gari liligonga mawe kabla hatujamaliza mlima wa kwanza, huku Mama akilia kwa kila mtikisiko. Ndiyo maana ulipoandika nitafute mtu wa kubadilishana naye gari, nilifurahi.

Mtu nilimpata. Anaitwa Praygod, bwana misitu aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi. Ana pikapu ngumu, inapanda popote. Alipofungua boneti akaiona ile injini ya mashindano uliyoipachika, aliigusa taratibu kama anagusa mtoto aliyelala. "Dada Aurelia, tubadilishane leo hii hii," alisema. Nikamwambia kwanza tukaijaribu barabarani.

Tukashika njia ya Kigonsera, yeye akiendesha kwa kasi. Kaka, sijawahi kuogopa vile. Kwenye kona moja kulikuwa na mama mwenye mzigo wa mahindi kichwani, akajitupa mtaroni kutupisha. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila mahindi yalitapakaa barabara nzima. Nilishuka nikamwokotea. Praygod alibaki kwenye usukani, na niliporudi aliniuliza kama fundi Romanus anaweza kuiongezea nguvu.

Hata hivyo sikukataa, kwa ajili ya Mama. Tukakubaliana tuandikishane Jumamosi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Ijumaa mke wa Praygod, Loveth, alikuja nyumbani peke yake. Ni mjamzito, anatembea kwa shida. Alikaa jikoni akanisaidia kuchambua maharage. Halafu akasema, "Dada, pikipiki ameshaipindua, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Mimba ile ilitoka. Nakuomba usimpe gari hilo."

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Chumba cha pili Mama alikuwa anagumia.

Jumamosi nilimwomba Praygod kitu kimoja: Romanus airudishe injini ya kwanza, ambayo bado iko stoo, na ainyanyue Celica ikae kama magari mengine. Alicheka. "Hilo litakuwa gari la kupelekea watoto ubatizo. Mimi nalitaka hivi lilivyo." Nikamwambia basi, hatubadilishani. Aliondoka na pikapu yake bila kuaga.

Mama nilimweleza yote. Alisema vijana wa jumuiya ya kanisa wambebe kwa machela hadi barabara kubwa, akapande lori la misheni. Wamekubali. Lakini njia ile unaijua, na mimi naona anavyouma meno hata tukimgeuza tu kitandani.

Kilichonifanya nikuandikie haraka ni hiki. Praygod anakuja Dar kwenye semina mwisho wa mwezi, na Romanus amemwelekeza unapokaa. Atakuja na maneno matamu, na habari za Mama atakueleza vizuri kuliko mimi. Gari ni lako, na Mama ni wetu sote. Sina hakika kama nilitenda haki. Ila ukiamua kumpa, panda basi uje umkabidhi ufunguo wewe mwenyewe, Loveth akiwa amesimama pale anakutazama. Mimi sitaweza.

Mwambie wifi kitenge kilifika, Mama anajifunika nacho. Baba mdogo Xavery na shangazi Matilda wanawasalimu sana. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, akupe na moyo wa kuamua vyema.

Mdogo wako akupendaye,
Aurelia