Nyimbo Zako Zimetolewa Redioni

Kambi ya Magharibi,
Barabara ya Alice Springs,
14 Agosti.

Mpendwa mwanangu Lorelle Napurrurla,

Hujambo huko Melbourne? Unakula, unalala, kifua kimepona? Mimi mama yako mdogo ni mzima, miguu tu inanisumbua. Baridi imetukaba mwaka huu, hata mbwa wanalala jikoni.

Tulikuona kwenye televisheni ukiimba kwa lugha yetu, na ile suruali inayometameta kama karatasi ya peremende. Tulicheka sana. Halafu ukawaambia watu wote kwamba hatutaki gesi ichimbwe penye maji yetu. Nilijivuna, na niliogopa.

Wiki iliyofuata nyimbo zako zikatoweka redioni. Unajua huku huwa tunaondoa redioni nyimbo za nani: za aliyekufa. Watu walianza kulia jioni ile ile, na Lorelle wa dukani, wajina wako, sasa anaitwa Kumanjayi, kama aitwavyo kila mwenye jina moja na marehemu, maana jina la marehemu halitamkwi. Amenuna, anasema umemponza.

Nilimwendea Desmond wa redioni.

"Mama, alipiga simu mtu kutoka mjini," akaniambia. "Ana adabu huyo, we acha tu. Akasema familia inaomba zitolewe."

"Familia ipi? Mimi ni nani basi, jirani?"

Akakiri hajui. Hakumwuliza mpigaji jina, kwa habari ya msiba nani angeuliza?

Nakupigia kila siku. Simu inaita tu.

Mama yako hakusubiri. Amekata nywele, amehamia kambi ya wafiwa, na hasemi tena. Anaongea kwa mikono, kama mama aliyefiwa na mwanawe apaswavyo, pengine hadi mwakani. Nilimwambia, "Dada, maiti hatujaiona." Akanijibu kwa vidole: nyamaza.

Jumanne watu wa gesi wanakuja kikaoni. Tangu baba yako atutoke, wenye kauli juu ya visima vya maji yetu ni wewe na mama yako anayekushikia nafasi. Mimi pale ni shemeji tu. Sasa mmoja anahesabiwa marehemu, na mwingine hafungui kinywa. Aliyepiga simu ile anatujua vizuri mno, na hilo linanitisha kuliko gari jeupe lililoegeshwa kisimani tangu juzi.

Babu Clancy anakusalimu, na shangazi yako Maudie, ingawa yeye amekusalimu bila kukutaja. Wazee wetu waliolala wakutangulie njiani.

Barua hii anakuletea nesi Gail, anakuja likizo huko. Alisoma jina lako juu ya bahasha kwa sauti, na wanawake wote wakageuza nyuso. Kama u hai, mwanangu, piga simu redioni kabla ya Jumanne, mama yako akusikie. Na kama hu hai, nisamehe kwa kukuita.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye,
Noreen Napaljarri