Upande wa Kioo

Mwenzangu, acha kila kitu usome hii.

Yule mkuu wetu wa maabara, Bwana Najua, leo kaninyang'anya bomba la kupulizia mbele ya wageni. Eti nimpishe, awaonyeshe mwenyewe jinsi paneli ya sola inavyopuliziwa kama rangi ya gari!

Nikamwambia tupime kwanza kwa mita, maana kile kioo cha kupuliziwa kinapitisha umeme upande mmoja tu. Akacheka. "Dada, upande mimi naujua kwa macho."

Kwa macho! 😂

Akapuliza. Utando ukatoka mweusi, laini, unang'aa. Wageni wakapiga makofi. Tukakioka kioo, tukaunganisha nyaya, mita ikasoma sifuri. Akaitikisa. Sifuri. Kapulizia upande usiopitisha kitu!

Unajua alisemaje? "Leo kuna mawingu."

Mawingu! Na tuko ndani, chini ya taa ya majaribio! Na hao wageni ndio wanaoamua kama mradi utaendelea. Wakamkubalia, mwenzangu. Wakachungulia na dirishani.

Sasa kaagiza kioo chake kitundikwe mapokezi. Na kwa vile pale pana giza, kimefungiwa taa juu ili kionekane.

Ndiyo paneli yetu ya kwanza hiyo. Inakula umeme.