Samaki wa Mzee Paluku

Jumatatu, 6 Oktoba. Beni.
Ninaandika kwa sababu nimedanganya kwa kinywa cha mtu mwingine, na sina wa kumwambia.
Ofisini kama kawaida: fishi za kuandikisha wakulima, unyevu wa kakao, barua. Miguu bado imevimba kwa siku za basi kutoka Mombasa. Wenzangu waliuliza habari za bahari. Nikasema ni nzuri. Nimechoka.

Jumanne, 7 Oktoba.
Niandike kwa utaratibu. Mnunuzi wetu wa kakao ni Mjapani. Hakuweza kuja Beni kwa sababu ya vita vya huku, akatualika katika mkahawa wa samaki wa kwao, ukingoni mwa bahari, Mombasa. Tulikwenda wawili: Mzee Paluku, mkulima wa Mutwanga na rais wa ushirika, na mimi, mwenye diploma mpya, kumtafsiria. Mkataba ukipatikana, wakulima watauza mavuno yote, nami nitapewa kazi ya kudumu. Kwa wiki mbili nilijifunza kushika vijiti vyao vya kulia kwa maharage ya mama, kule Butembo.
Walileta vitambaa vya moto vya mikono. Mzee alijifuta uso, shingo, hata masikio. Niliona aibu.
Kisha samaki. Mwekundu, vipande vyembamba, hajaguswa na moto. Mzee akaniinamia.
«Kahindo, mutoto yangu, hii samaki bado kuiva. Mubaambie bairudishe ku moto. Na heshima, eh.»
Nikamwambia mwenyeji kwa Kiingereza kwamba Mzee anamsifu mpishi. Akafurahi mno, akaagiza sahani ya pili.
Mzee akala zote mbili. Kwetu chakula cha mwenyeji hakisukumwi kando. Kila kipande alifumba macho, kama mtu anayemeza dawa chungu ya kinini.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Uongo wa pili ndio mzito.
Baada ya chai, mnunuzi alipasua mbegu zetu za kakao kwa kisu kidogo. Ndani zilikuwa na rangi ya zambarau. Akauliza sababu. Mzee alijibu polepole, kwa vidole na kwa mikono: watu walikimbia mashamba, kakao haikulala siku zake zote sandukuni, ikaanikwa mbio kabla ya kuchacha. Kosa ni letu, alisema. Mavuno yajayo tutalaza vizuri.
Nilitafsiri: «Ni aina ya mbegu tu. Ladha haibadiliki.»
Mnunuzi alikunja kisu. Hakuuliza tena.
Leo ujumbe wake umefika. Anaandika kwamba alimtazama Mzee alipokuwa akila, na hakuona furaha. Kabla ya kuamua, anataka kujua Mzee alisema nini hasa kuhusu zile mbegu.
Nimeusoma mara nyingi. Ninaogopa. Ningeweza kujibu peke yangu, kwa Kiingereza safi, na asingejua mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba. Mutwanga.
Nimekuja kwa pikipiki. Vumbi hadi kwenye meno.
Mzee alikuwa akigeuza kakao juu ya turubai. Nilipiga goti, nikasema yote, ya samaki na ya mbegu. Aliendelea kugeuza.
«Nilijua.»
Nikamuuliza alijuaje.
«Kingereza hapana jua. Lakini urefu wa maneno yangu najua. Mimi nilisema murefu, weye ukakata mufupi.» Kisha akacheka mpaka akakohoa. «Na ile samaki! Siku mbili ndani ya bus, tumbo inaimba Kyrie. Ungebaambia tu, Kahindo. Moto ilikuwa pale pale, niliiona.»
Mkewe alicheka jikoni. Mimi sikuweza.
Akaacha kucheka. «Ile kakao ni ya batu yote ya hapa. Hapana ya diplome yako.»
Nilichukua reki, nikageuza upande wa pili hadi jua likapungua.

Jumapili, 12 Oktoba. Butembo.
Misa ya kwanza. Nilisinzia wakati wa mahubiri.
Nimemwandikia mnunuzi ukweli, bila kujipamba. Huenda tumempoteza. Huenda nafasi yangu imekwenda pia. Amejibu kwa mstari mmoja: anataka kumsikia Mzee mwenyewe, kwa simu, nami nitafsiri.
Mama amepika samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge. Amemwacha motoni mpaka nyama imeachana na mifupa. Nimekula kwa mkono, kimya.
Simu ni Jumanne, saa tatu asubuhi, katika depo yetu ya kakao, Beni. Mzee atashuka na pickup ya kwanza.