Nakala Niliyotia Saini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na umeanza tena kutembea jioni. Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenijua kwa sauti kabla sijafika nusu.

Wewe uliyetunza mafaili ya hospitali miaka thelathini utanielewa upesi. Siku hizi yote yamo kwenye kompyuta, na kila Jumatano tunaondoa kumbukumbu za zamani ili mfumo usielemewe. Kabla ya kufuta chochote, mimi hufungua nakala ya akiba, nikasoma kumbukumbu za wagonjwa watano, kisha nikatia saini daftarini kuwa nakala ni nzima. Ndipo mwenzangu, yule tunayemwita Mpole, hufuta.

Jumatano iliyopita, saa tano asubuhi, Mpole alikosea mwaka. Wakafutika wagonjwa wa mwaka huu. Akaniambia tusiogope, nakala ipo. Tulipoifungua, ilikuwa tupu. Simu zikaanza kulia. Daktari wa upasuaji aliuliza mama aliyekuwa mezani anadhurika na dawa gani, na kumbukumbu yake ilikuwa miongoni mwa zilizofutika. Bahati muuguzi mmoja alimkumbuka.

Nakala nzima tuliyoipata, kwenye kabati la mkuu wetu, ni ya wiki tatu nyuma. Kumbukumbu za wiki hizo tatu tunaziandika upya kutoka vikaratasi vya maabara, na vingine havionekani.

Mkuu amemsimamisha Mpole kazi. Anasema daftari linaonyesha nakala ilikuwa nzima asubuhi ile, kwa hiyo aliyeiharibu ni yeye. Mpole alijibu kwamba kama mimi nimetia saini, basi huenda ameiharibu kweli. Baba, aliniamini mimi kuliko alivyojiamini mwenyewe, nami nilikuwa nimesimama palepale.

Sikuifungua nakala ile. Wiki tatu sikufungua hata moja. Nilinakili daftarini majina ya wagonjwa walewale watano wa wiki ya mwisho niliyofanya kazi yangu, nikatia saini, nikaenda kunywa chai.

Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshamwambia mkuu, Mpole akiwepo. Naona aibu kubwa. Nimetaka ulisikie jambo hili kwangu kwanza, kwa sababu saini ile ulinifundisha wewe, na jina lililomo ni lako.

Msalimie Mama. Mwambie nakula vizuri.

Mwanao uliyempachika jina,
Bi Haraka