Pamba Ndani ya Kikopo

Kamukuywa, 3 Machi 2024

Nabwile mjukuu wangu,

Habari ya Kitale, na hiyo mimba ya miezi sita inakuacha ulale? Mgongo wangu unauma lakini ng'ombe bado nakama mwenyewe. Anayeandika ni Agneta wa kanisani, ndiye pia hunisomea zako.

Unasema kliniki wanakutoa damu wapime vitamini ya jua, ati waone kama mtoto atazaliwa na uzito. Mbona wewe? Wajawazito wote wa Kitale hawakuonekana? Na msichana aliyelima mahindi tangu utoto anakosaje jua? Hao wanauza damu. Wachana nao, uje nikutunze.

Kukhu wako

Kitale, 17 Machi

Kukhu,

Salamu nyingi, pole na mgongo. Hapa stoo ya mbegu naingia alfajiri natoka jioni. Jua naliona Jumapili tu. Damu wanatoa kidogo, na nilikubali mwenyewe. Mbona mimi, nitakueleza tukiwa wawili. Nakuja Pasaka. Msalimie Agneta.

Mjukuu wako, Nabwile

Kamukuywa, 9 Aprili

Nabwile,

Ulifika salama? Ulilala hapa siku mbili na hukunieleza kitu.

Nilipokunja nguo zako niliona kikopo kimebanduliwa karatasi, na pamba imeshindiliwa ndani ili dawa zisilie. Mama yako aliweka pamba hivyohivyo. Chake nilikipata tumeshamzika, kimejaa. Nilikuwa nimeshuku, nikaogopa kumuuliza. Wewe nakuuliza: unameza?

Mbona wewe, sasa najua. Kama unameza, rudi kliniki. Ota jua. Lakini hao watu bado siwaamini. Wakimpima mtoto, simama uone mshale wa mizani kwa macho yako.

Agneta anaomba nafasi. Anataka kuandika yake.

Nabwile, ni mimi Agneta. Hata mimi nameza, mwaka wa tisa sasa. Kukhu amejua leo.

Sasa anasema niandike hivi: Toeni pamba, nyote wawili. Kwa nyumba yangu dawa zilie, nisikie mnameza.

Kukhu wako

Kitale, 30 Julai

Kukhu,

Mgongo unaendeleaje? Nisamehe kunyamaza. Niliogopa kuandika kabla ya majibu.

Nameza kila siku, na pamba nilitoa. Mtoto ni msichana. Alipozaliwa nilisimama nikauona mshale: kilo tatu. Ametimiza wiki sita, wamempima, hana virusi. Amechukua jina lako.

Tunakuja Jumamosi. Utatusikia kabla hatujafika mlangoni.

Mjukuu wako, Nabwile